Shungi Jeupe na Viini Viwili

Osmund, Ngoro wangu,

Shikamoo sikupi. Nilikuzidi miaka miwili, na kufa hakumwongezei mtu umri.

Wewe uliniita Samaki tangu siku ile nilipopanda kutoka Liuli na baiskeli ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikakuuzia waliolala. Mimi nikakuita Ngoro, kwa sababu ninyi Wamatengo hamwezi kuona mteremko msiuchimbe mashimo yenu ya ngoro mkapanda maharage. Sasa umechimbiwa shimo la kwako, na waliolichimba walikuwa na haraka ya kwenda kula. Limeegemea bondeni. Mvua iliyofuata ilishusha udongo, msalaba umeinama, na watu wapitao kwenda Litembo wanasema marehemu anachungulia barabara. Mimi nawaambia hapana, anatafuta hadubini yake.

Usicheke. Sikukuandikia ili ucheke. Nimekuandikia kwa sababu mwanao Fidea, mtoto wako wa pekee, nusura atolewe katika nyumba yako na shamba lako la kahawa, na kisa chenyewe ni nywele. Mambo haya uliyaacha wewe. Ulikufa ukaacha mlango wazi, kila nguruwe akaingia.

Nikukumbushe ya kwenu, maana wafu nasikia husahau. Katika ukoo wenu kuna shungi jeupe, kishada cha nywele nyeupe juu ya paji la uso, mtu anazaliwa nalo kama ng'ombe mwenye baka. Baba yako alikuwa nalo. Wewe ulikuwa nalo. Kaka yako Kanisius analo, na analivaa kama askofu anavyovaa kofia yake. Sasa Kanisius kazeeka, kichwa kizima kimekuwa cheupe, shungi limepotelea humo kama chumvi ndani ya unga. Unajua anafanyaje? Anapaka piko kichwa chote, analiacha shungi peke yake! Mzee wa miaka themanini na ushee, jasho likimtoka anatiririka weusi masikioni. Nilimwambia, "Kaka, unavuja." Hajanisalimia tangu siku hiyo.

Fidea hana shungi. Hana hata unywele mmoja mweupe, na sasa ana miaka arobaini. Tangu alipozaliwa watu walikuwa wakimtazama kichwani kwanza, usoni baadaye. Na kwa kuwa mimi nilikuwa naingia na kutoka kwako na samaki, unajua vizuri midomo ilielekea kwa nani. Wewe ulikuwa hai, ukiwa mwalimu, basi midomo ilinong'ona. Ulipokufa ikapanuka.

Siku ya kuondoa msiba, Kanisius aliita sengu. Wazee wenu zamani walikuwa wakikaa sengu kula chungu kimoja na kumaliza maneno ya ukoo. Siku hizi maneno yanabaki, chungu ndicho kinachomalizika. Vijana walikuwa nyuma wakichinja mbuzi. Wazee tulikaa ukumbini mwako, mimi nikiwa karibu na mlango kama mgeni, ingawa kile kiti nilikikalia miaka kabla Kanisius hajajua kiko wapi. Fidea alikaa chini kwenye mkeka, kitambaa cheusi begani.

Kanisius akasimama. Akasema baba yao alikuwa na shungi, yeye analo, marehemu alikuwa nalo. "Huyu binti tumemlea, hatukatai. Lakini asiye na shungi si wa nyumba hii. Amalize kuchuma kahawa ya mwaka huu, halafu aende kwa watu wake."

Fidea akamuuliza, polepole kabisa, "Watu wangu ni akina nani, Baba Mkubwa?"

Kanisius alinitazama mimi. Na kikao kizima kikageuza shingo kunitazama, kama kuku wanaosikia punje za mahindi.

Hapo ndipo nikafanya upumbavu, Osmund. Na upumbavu wenyewe ulinifundisha wewe.

Unakumbuka ulipostaafu pale sekondari, walipotaka kuitupa ile hadubini yenye lenzi iliyochubuka, ukaiomba, ukapanda nayo mlimani umeikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Ukaniagiza, "Samaki, niletee maji ya ziwani, ya pembeni, penye majani yaliyooza." Nikawa napanda na chupa za maji machafu juu ya usipa. Kina mama pale sokoni Mbinga waliponiuliza ni ya nini, niliwaambia mwalimu anachemsha dawa ya nguvu za kiume. Ndiyo maana walikuwa wakikupunguzia nyanya. Walikuwa wakikuhurumia.

Siku ya kwanza uliyonikalisha kwenye kile kioo, niliona vitu kama maparachichi madogo, vina vinyweleo mwili mzima, vinakimbizana. Ukasema vinaitwa siliati. Mimi nikaviita Masharubu, na baada ya wiki mbili na wewe ukaviita Masharubu. Ukaviweka katika vile vichupa vya dawa ya sindano, ukavilisha maji ya nyasi yaliyochemshwa na kuachwa yachache, ukavipanga dirishani. Eusebia mkeo alisema nyumba inanuka kama zizi. Hukumsikia. Kuna mambo mengi ya Eusebia hukuyasikia, nitayafikia.

Mimi na darasa langu la nne nilielewa hivi. Sharubu mmoja ni chembe moja tu, hana mfupa wala tumbo, lakini ana viini viwili. Kiini kidogo kimelala. Kinatunza urithi wote wa ukoo na hakifanyi kazi yoyote, kazi yake ni kurithiwa. Nikasema, "Kama Kanisius," ukacheka mpaka ukatia mate kwenye kioo. Kiini kikubwa ndicho kinachohangaika na maisha, na ndani yake kila sifa ina nakala nyingi. Sharubu akijigawa kuwa wawili, kiini kidogo hugawiwa kwa adabu, sawa kwa sawa. Kiini kikubwa humegwa tu, kama tonge la ugali. Akiwa na nakala zinazostahimili chumvi zimechanganyika na zisizostahimili, huku zinaweza kwenda nyingi, kule chache, hakuna anayehesabu. Wakijigawa tena na tena, baadhi ya wajukuu wanabaki na za chumvi tupu, na wengine hawana hata moja. Wote wa babu mmoja! Ukichovya tone lao katika maji ya chumvi, hawa wanacheza, wale wanakufa.

Na lililokukosesha raha ni kwamba hawakutengana kwa mwendo mmoja. Masharubu wangu wa Liuli walijitenga upesi, baada ya muda mfupi kila kichupa kina tabia yake. Wale uliowachota kwenye kidimbwi cha kuoshea kahawa kule Namswea walikawia, miezi na miezi bado ni mchanganyiko. Maji ya nyasi yale yale, dirisha lile lile. Nikasema watu wa ziwani tuna akili nyepesi. Wewe ukasema hata namna ya kugawa urithi nayo inarithiwa. Labda wa Liuli wana nakala chache katika kiini kikubwa, na zikiwa chache hutengana haraka. Labda wa Namswea wanazo nyingi. Labda, labda. Ulikuwa mtu wa labda. Laiti ungekuwa hivyo na kwa mkeo.

Tena ulinionya. Ulisema, "Samaki, usije ukawaambia watu binadamu ni hivi. Binadamu hamegi tonge. Ana nakala mbili za kila sifa, mtoto anapewa moja." Ukarusha sarafu hewani, ukaidaka, ukasema baba mwenye shungi anaweza kuwa na nakala moja ya shungi na nyingine isiyo nalo, na mtoto akipewa ile nyingine, hana shungi na bado ni wa baba. Maneno mepesi, hata mtoto wa shule ya vidudu angeyabeba.

Lakini siku ile, shingo zote zimenigeukia, nilisimama, mdomo ukatoa ya Masharubu. Nikapaza sauti: "Wazee, msimwonee! Mtoto huyu ana viini viwili!"



Kisha shangazi yenu yule mzee, yule asiye na meno, akasema kutoka pembeni, "Hilo tunalijua, baba. Kimoja cha mwalimu, na cha pili kilipanda na baiskeli ya usipa."

Osmund, walicheka! Walicheka mpaka waliokuwa wakichinja mbuzi wakaja na visu vyao kuuliza kuna nini. Nami nikazidi kuharibu, kila nikieleza kiini wao wanasikia mbegu, na mbegu mbili ni baba wawili. Mmoja akasema kwa hiyo vile vichupa vilikuwa kiinimacho, mwalimu alikuwa mchawi, ndiyo maana alikufa anakohoa. Kanisius akainua mkono. "Mwandike," akasema. "Rafiki wa marehemu amekiri mwenyewe." Na katibu wa ukoo akaandika.

Fidea hakucheka wala hakulia. Alikunja mkeka. Aliponipita mlangoni alisema, "Asante, Baba Mkubwa," na ile asante imenikwama kama mwiba wa mbasa, samaki wetu wa ziwani.

Wiki tatu zile nilitembea mji mzima wa Mbinga nikijitukana. Nilijaribu kueleza upya, sarafu mkononi. Watu waliniomba niwarushie nikiwapita. Fidea alianza kufunga vitu vyako. Vichupa vyako alivimwagia kwenye miche ya kahawa kitaluni, Masharubu wote, wa Liuli na wa Namswea. Sikumzuia. Ningemwambia nini? Kwamba ndani ya vile vichupa kulikuwa na shahidi wake? Shahidi gani huyo asiyeweza kusema mpaka umtie chini ya kioo, na kioo chenyewe kimechubuka.

Halafu wakaita kikao cha pili, cha kukagua mipaka ya shamba kabla ya kulikabidhi kwa ukoo. Safari hii Kanisius aliwaleta wanawe wote watano wawe mashahidi wa mipaka. Ilikuwa baridi ile ya kwenu ya kahawa, ukungu unakaa mabegani kama mzigo. Wana watano wa Kanisius, wanaume wazima na vitambi vyao, wote kofia za sufu zimeshuka mpaka kwenye nyusi.

Nikazitazama zile kofia. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho niliviona vile vichwa. Kanisani? Wanakaa nje, chini ya mkaratusi. Shambani? Kofia. Harusini? Kofia, tena za sherehe. Na ghafla nikajua ninalolijua, na kwamba kila mtu pale alilijua tangu watoto wale wakiwa mgongoni. Ila hakuna aliyewahi kulihesabu kwa sauti.

Basi walipomaliza kutaja mipaka, na Kanisius amerudia mbele ya wote kwamba asiye na shungi si wa nyumba hii, nikainua mkono kwa unyenyekevu. Nikasema mimi ni Mwanglikana wa ziwani, siyajui ya ukoo, lakini naomba nifunge kwa sala. Ni nani angemnyima mzee sala? Nikasema, "Tuvue kofia."

Wakavua. Mtu hawezi kukataa kuvua kofia mbele ya Mungu na huku mama zake wanamtazama.

Nikaomba macho wazi. Nikasema: "Baba yetu, tunakushukuru kwa mtumishi wako Kanisius na shungi ulilomjalia, na kwa piko ulilomwonyesha dukani. Tunakushukuru kwa wanawe watano waliosimama hapa vichwa wazi. Wawili umewapa shungi. Watatu umewanyima. Wewe hukosei hesabu, Bwana. Basi kama asiye na shungi si wa nyumba hii, uwashike mkono na hao watatu, wasafiri salama kwenda kwa watu wao. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina ila mzee mmoja asiyesikia vizuri.

Laiti ningekuonyesha uso wa kaka yako. Piko lilikuwa linashuka. Nilifurahi, Osmund, nilifurahi mno. Nilidhani atageuka anitukane, nami nimtukane, twende nyumbani. Lakini hakunitazama mimi, wala hakuwatazama wanawe. Alimtazama mkewe. Mama Sixta alikuwa ndiyo kwanza ametoka jikoni na sufuria la makande, mvuke umemfunika uso, amesikia sala yote. Mama Sixta ambaye hajawahi kunikosea hata kijiko. Aliyemwogesha Eusebia alipokufa.

Kanisius akasema, "Umesikia unavyoombewa?"

Yule mama akatua sufuria. Akafuta mikono kwenye kanga. "Miaka hamsini nakupikia," akasema, "leo unanihesabia nywele za wanangu."

"Nilizihesabu zamani," akasema Kanisius. "Nilikuwa nakustahi. Sasa imesemwa mbele za watu. Panda basi, rudi kwenu Kitai."

Fahamu hapo alichosema. Zamani! Alijua miaka hamsini, akawavisha wanawe kofia, akala chakula cha mkewe kila siku huku akimhukumu kimoyomoyo. Ninyi ndugu wawili mlitoka tumbo moja kwelikweli. Hilo halihitaji shungi.

Mama Sixta hakungoja basi. Alifunga kitenge, akapanda bodaboda adhuhuri ile ile, wanawe watano wamesimama na kofia mikononi kama waombaji. Makande yakapoa, hakuna aliyeyagusa. Mwishowe mzee mkubwa wa sengu akasema sheria ya shungi ifutwe, na atakayeitaja tena atoe mbuzi, maana ikiendelea ukoo utabaki na watu watatu na chupa ya piko. Wakafuta yale maandishi. Fidea akabaki kwenye nyumba yake na shamba lake.

Tumeshinda, Ngoro. Nikaenda kilabuni kunywa komoni.

Fidea akanifuata kilabuni. Yeye ambaye hajawahi kunipita bila shikamoo, alisimama mbele yangu bila shikamoo. Akasema, "Umenipa nyumba kwa kumtoa mama wa watu nyumbani kwake." Nikasema sikukusudia. Akasema, "Unakusudia kuchekesha tu, siku zote." Halafu akaniuliza lile lililonifanya niiache komoni ikiwa nusu. "Mama yangu alinong'onwa mpaka akafa. Sala hii ungeweza kuiomba zamani. Mbona hukuiomba?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Sikuiomba kwa sababu nilidhani nyumbani kwako hakuna haja. Nilidhani wewe, mwenye hadubini, mwenye sarafu, umekwisha kumwambia mkeo, "Eusebia, lala, mimi najua." Nilidhani watu wananong'ona nje na ndani kuna amani. Ulikula chumvi yangu miaka yote, tukacheka miaka yote, nikajua wewe hunidhanii.

Mpaka siku yako ya mwisho, pale wodini. Umebaki mifupa na shungi. Nilikuletea uji. Ukanishika mkono, nikajua utaniambia neno la rafiki. Ukasema, "Barnaba." Hukuwahi kuniita Barnaba. "Nakufa. Niambie sasa, sitakasirika. Fidea ni wako?"

Miaka arobaini, Osmund. Miaka arobaini ulikuwa unakula samaki wangu, ukastaafu ukaniagiza maji, ukanikalisha kwenye kioo, ukanieleza nakala na bahati, na muda wote ulikuwa unanitega! Ulikuwa unatazama kama nitashtuka. Vile vichupa havikuwa vya elimu. Vilikuwa kesi. Na kesi yenyewe Masharubu walikwisha kukuamulia, sarafu ilikwisha kukuamulia, mwenyewe ulinifundisha jibu, lakini ulilijua kichwani tu, na kutoka kichwani mpaka kifuani kwako njia ilikuwa imekatika kama barabara ya Mbamba Bay wakati wa masika. Eusebia ulimlaza chumba kingine. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu ya harufu ya vichupa.

Nikacheka. Hilo ndilo jibu nililokupa. Nilikucheka usoni, nikasema, "Kafe, utajua mbele ya safari," nikatoka nje kunywa chai. Niliporudi walikuwa wamekufunika.

Sijamwambia mtu. Kwa hiyo pokea jibu lako sasa, limechelewa lakini ni lako. Si wangu. Sikumgusa mkeo. Na usinifanye mtakatifu: nilimtaka. Kabla hamjatangazwa kanisani nilimwambia, pale kisimani, na tai nilivaa. Alinicheka, akasema nanuka usipa. Hiyo ndiyo hadithi yote, mwanzo na mwisho wake. Alikuchagua wewe, mtu wa sabuni, nawe ukamlipa kwa kumchunguza. Fidea ni wako. Ana mwendo wako wa bata, ana ukaidi wako, anasema labda kila sentensi ya tatu. Kila mtu anaona ila wewe ulikuwa unatazama nywele.

Sasa lililobaki, ndilo lililonishikisha kalamu.

Juzi Fidea alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Nilikwenda kumwomba radhi, nimebeba mbasa wawili, maana mtu wa ziwani haombi radhi mikono mitupu. Aliwapokea. Akanipa shikamoo, nikashukuru Mungu. Tukageuza kahawa pamoja. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Baba Mkubwa, nikiwa mdogo baba alikuwa ananichana nywele kila Jumapili, mwenyewe, kabla ya misa. Hamruhusu mama. Ananilaza mapajani, anapita kichwa kizima kwa vidole, polepole, mpaka nasinzia. Wenzangu wote walinionea wivu. Hakuna baba mwingine aliyefanya hivyo." Akachambua punje mbovu akaitupa. "Tangu kikao kile najiuliza. Alikuwa anatafuta nini?"

Osmund. Mkono wangu ulibaki ndani ya kahawa.

Ningeweza kukuua mara ya pili pale pale. Ulistahili. Maneno yalikuwa mdomoni, na unajua mdomo wangu haujui kufunga. Niliona hata namna atakavyosimama akisikia, ataweka chini ungo wa kupepetea, na hatakuwa na Jumapili hata moja tena katika maisha yake yote.

Nikasema, "Chawa."

Akaniangalia.

"Chawa, mwanangu," nikasema. "Ulikuwa na chawa kuliko shule nzima. Baba yako aliona aibu watu wakijua, binti wa mwalimu. Akawa anawatoa mwenyewe, mmoja mmoja. Aliniambia."

Akaniuliza kama nasema kweli. Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu, kwa Kanisa lenu na la kwetu, nikaapa kwa kaburi lako lililopinda. Nikamwambia hukutia shaka hata siku moja, kwamba ulipokuwa unakata roho ulinishika mkono ukasema, "Niangalizie mwanangu." Akacheka, halafu akalia, halafu akajikuna kichwa, akacheka tena. Sijui kama aliamini. Aligeuza kahawa mpaka mwisho wa kichanja akiwa anatabasamu peke yake.

Kwa hiyo nimekufanya baba mwema. Hukuwa. Umepewa bure, na mtu uliyemdhania mwizi.

Jumapili nakwenda Kitai kupiga magoti mbele ya Mama Sixta, na akinimwagia maji ya kuoshea vyombo nitabaki pale pale magotini. Halafu nitarudi nimwambie Kanisius habari ya sarafu, kwa ukali au kwa upole, mpaka aende kumfuata mwenyewe. Hilo nakuahidi. Na la Fidea nakuahidi vilevile: nitalisema hivyo hivyo mpaka nife, mlevi au mzima, nikiulizwa na padri au na malaika.

Lala, Ngoro. Ukimwona Eusebia, mpigie magoti kabla hujafungua kinywa. Na mwanao atakapokuja huko, miaka mingi ijayo, ataanza na swali lile lile. Usiniumbue. Sema walikuwa chawa.

Mimi Barnaba,
Samaki wako